Ziwa si Bahari: Kubana Mafuta Kabla ya Kuruka Kutoka Mwanza

Ukisimama Kirumba jioni ukatazama ziwa, hakuna kinachokuambia kwamba uko juu. Maji yamelala mpaka upeo wa macho, mitumbwi ya dagaa inatoka, upepo una unyevu, na mtu aliyekulia Tanga au Dar es Salaam anaweza kuapa kwamba yuko pwani. Kumbe uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Uwanja wa Ndege wa Mwanza uko futi 3,763. Kwa abiria jambo hilo halina uzito wowote. Kwa rubani wa ndege ndogo ya injini ya pistoni, lina uzito kuliko mizigo aliyopakia nyuma.

Nasema ndege ndogo ya pistoni kwa makusudi. Ndege nyingi za abiria unazoziona Mwanza, zikiwemo zile Caravan zinazokwenda mbugani, zina injini za tabaini, na mfumo wao wa mafuta hujirekebisha wenyewe kadiri hewa inavyobadilika. Hapa nazungumzia Cessna 172, 182 na 206 za kawaida, Piper Cherokee na ndugu zake: ndege za kufundishia, za wamisionari, za tiba, za watu binafsi. Ndani ya ndege hizo kuna kishikio chekundu karibu na throtli, ile ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Ukikisukuma mpaka mwisho, injini inapata mafuta mengi kadiri inavyoweza. Ukikivuta nje, mafuta yanapungua, na huko ndiko kubana mafuta; ukikivuta mpaka mwisho injini inazima. Marubani wengi hukiita mikscha.

Mwanafunzi wa urubani hufundishwa mapema sana kwamba wakati wa kuruka kishikio hicho kinasukumwa mpaka mwisho. Hukariri mpaka mkono unakifanya bila kuulizwa. Kwenye kiwanja cha pwani somo hilo ni sahihi kabisa, na lina sababu nzuri nitakayoieleza. Tatizo ni kwamba mkono uliozoea pwani hausimami kuuliza umefika wapi.

Tuanze na kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, maana hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Petroli haiungui kama petroli. Inaungua ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiasi fulani. Kilo moja ya mafuta inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili vyote viungue bila kimoja kubaki. Injini hutoa nguvu kubwa zaidi mchanganyiko ukiwa mzito kidogo kuliko hapo, yaani wenye mafuta zaidi, karibu kilo 12.5 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Zingatia kwamba hesabu hizi zote ni za uzito. Na kabureta haina mizani.

Inachokifanya kabureta ni hiki. Hewa inayovutwa na injini inapita kwenye koo jembamba. Inapopita kwa kasi, shinikizo linashuka pale kooni, na kushuka huko ndiko kunakovuta mafuta kupitia tundu dogo. Hewa ikiwa nzito, shinikizo linashuka zaidi. Ikiwa nyepesi, linashuka kidogo. Kwa hiyo kabureta ina hisia fulani ya uzito wa hewa, ila hisia hiyo ni pungufu. Mtiririko wa mafuta hufuata kipeuo cha pili cha kushuka huko kwa shinikizo. Uzito wa hewa ukishuka hadi asilimia 83 ya ule wa pwani, mafuta hayashuki hadi asilimia 83. Yanashuka hadi asilimia 91 tu. Hewa imepungua kwa asilimia 17, mafuta kwa asilimia 9, na mchanganyiko umekuwa mzito kwa karibu asilimia 10 bila mtu yeyote kugusa chochote.

Sikuichagua asilimia 83 kwa sababu inapendeza. Ndiyo hewa ya Mwanza mchana. Hesabu yake ni nyepesi, na kila rubani wa kanda ya ziwa anapaswa kuiweza bila karatasi. Katika hewa ya kipimo cha kimataifa, joto la usawa wa bahari ni nyuzi 15, nalo hushuka karibu nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kwa futi 3,763 joto la kipimo lingekuwa nyuzi 7.5. Mwanza saa nane mchana nyuzi 28 ni jambo la kawaida, kwa hiyo tumezidi kipimo kwa nyuzi 20.5. Kila nyuzi moja ya ziada inaongeza takriban futi 120, na jumla yake ni futi 2,460. Jumlisha na mwinuko wa kiwanja, ukichukulia kwamba shinikizo la siku hiyo ni la kawaida, unapata zaidi ya futi 6,200. Huo ndio mwinuko wa msongamano wa hewa, yaani mwinuko ambao injini, propela na mabawa vinadhani viko.

Na alfajiri je? Joto likiwa nyuzi 18, hesabu hiyohiyo inatoa karibu futi 5,000. Hakuna saa ya siku ambayo Mwanza inageuka kuwa pwani.

Tena hapo hatujagusa unyevu. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, na siku ya fukuto kando ya ziwa unaweza kuongeza kama futi 300 juu ya hesabu niliyoitoa. Mvuke huo una hila nyingine. Unachukua nafasi ya oksijeni ndani ya silinda, na kabureta inauhesabu kama hewa na kuutolea mafuta yake. Mchanganyiko unazidi kuwa mzito.

Kwa kulinganisha kwa haki, Dar es Salaam yenye nyuzi 30 nayo si hewa ya kipimo. Mwinuko wake wa msongamano unafika karibu futi 2,000. Bado kuna pengo la zaidi ya futi 4,000 kati ya viwanja viwili ambavyo kwa macho vyote viko kando ya maji. Entebbe na Kisumu ziko katika hali inayokaribiana na ya Mwanza. Arusha, iliyo karibu futi 4,550, na Wilson ya Nairobi, iliyo futi 5,536, hali ni kali zaidi, lakini kule rubani anaona milima au anahisi baridi na akili inamkumbusha. Ndiyo maana naiogopa zaidi kando ya ziwa kuliko Arusha.

Mchanganyiko ukizidi uzito, nini kinatokea? Wazee waliovua dagaa kwa karabai wanaijua hali hiyo. Karabai ikipewa mafuta ya taa kuliko hewa inayovuta, mwanga unageuka mwekundu, moshi unatoka, na kioo kinashika masizi. Mafuta yapo tele lakini mwanga haupo. Ndani ya silinda ni vivyo hivyo: moto unaenda polepole, joto linapotea kwa kuyageuza kuwa mvuke mafuta yasiyoungua, na nguvu inashuka. Rubani ataona mizunguko ya injini iko chini kuliko inavyotakiwa throtli ikiwa wazi kabisa, pengine kwa 50 au 100 kwa dakika, na injini inatetemeka kidogo kama inayotaka kumisi.

Mtu anaweza kusema hasara hiyo ni ndogo. Tuihesabu. Injini ya nguvu-farasi 160, ikipewa mchanganyiko sahihi, katika hewa ya futi 6,200 inatoa karibu 130 tu. Hizo 30 zilizopotea hakuna wa kuzirudisha; zimeondoka na hewa. Lakini zile 130 hazitumiki zote kupanda juu. Sehemu kubwa inatumika kuiweka tu ndege hewani isianguke, na ndege inapanda kwa kile kinachobaki. Ukipoteza nguvu-farasi 6 kwa sababu ya mafuta yaliyozidi, hujapoteza asilimia 4 au 5 ya uwezo wa kupanda. Umepoteza sehemu kubwa zaidi ya hiyo, kwa kuwa zote zimekatwa kwenye ziada. Jiji la miamba lina vilima pande kadhaa, na ndege yenye watu wanne na tangi lililojaa haina ziada ya kuchezea.

Sasa vitabu vinasemaje? Kitabu cha Cessna 172N kinaelekeza kwamba kabla ya kuruka kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, mchanganyiko ubanwe mpaka upatikane mzunguko wa juu kabisa, throtli ikiwa wazi na ndege imesimama. Watengenezaji wa injini za Lycoming nao wanaelekeza kwamba kwa propela isiyobadilisha pembe, mafuta yabanwe hadi mzunguko wa juu kwenye viwanja vyenye mwinuko wa msongamano wa futi 5,000 au zaidi. Mmoja anapima kwa mwinuko wa ardhi, mwingine kwa mwinuko wa msongamano. Mwanza inavuka mipaka yote miwili. Kwa hiyo rubani wa 172 anayeruka saa nane mchana kutoka hapa akiwa amesukuma kishikio chekundu mpaka mwisho hajachagua njia ya usalama zaidi, kama wengi wanavyoamini. Ameacha kufuata kitabu.

Namna ya kufanya si ngumu. Ndege ikiwa imepanga mstari mahali pasipo na changarawe ya kula propela, na nyuma yake hapana mtu, shika breki, fungua throtli yote taratibu, halafu anza kuvuta kishikio chekundu polepole. Mizunguko itapanda kwanza. Hapo ndipo rubani wa mara ya kwanza hushtuka, kwa sababu maisha yake yote aliamini kupunguza mafuta ni kupunguza nguvu. Endelea mpaka mizunguko ifike kileleni na kuanza kushuka, kisha rudisha kishikio ndani mpaka kilele kirudi, na ongeza kidogo zaidi upande wa mafuta mengi. Hiyo nyongeza ndogo ndiyo kinga ya joto. Usikae muda mrefu na throtli wazi chini. Hewa ya kupoza silinda ni kidogo ndege ikiwa imesimama. Sekunde chache zinatosha.

Kwa propela inayobadilisha pembe, mizunguko haitakusaidia sana, kwa kuwa kidhibiti cha propela kinaweza kuishikilia palepale hata nguvu ikibadilika. Hapo utegemee vipimo vingine. Ndege nyingi zenye injini ya kupuliziwa mafuta zina mita ya mtiririko wa mafuta na jedwali la kiasi kinachotakiwa kwa kila mwinuko; unabana mpaka sindano ifike kwenye namba ya kiwanja chako. Wengine hutumia joto la moshi wa ekzosi: wanaandika joto lililoonekana waliporuka pwani, mafuta yakiwa yamejazwa yote, na wanapofika juu wanabana mpaka joto hilohilo lirudi. Mimi naipenda njia hii kuliko zote ndege ikiwa na kipimo cha kuaminika, kwa sababu inaiuliza injini yenyewe badala ya kukisia.

Kuna hofu inayozuia watu wengi, na ni hofu ya watu makini, haifai kudharauliwa: kwamba kubana mafuta wakati wa nguvu kubwa kutaiunguza injini. Pwani hofu hiyo ni ya kweli. Mafuta ya ziada yanayoingia kishikio kikiwa kimesukumwa mpaka mwisho yamewekwa na watengenezaji kwa makusudi, ili yapunguze kasi ya moto na kupoza vichwa vya silinda injini inapotoa nguvu yake yote. Ukiyabana pale, shinikizo na joto ndani ya silinda vinaweza kupanda mpaka mchanganyiko ulipuke wote kwa mpigo badala ya kuungua kwa mpangilio. Injini inagonga, na kugonga huko kunaweza kutoboa pistoni kwa muda mfupi sana.

Lakini tazama kilichobadilika Mwanza. Pwani throtli ikiwa wazi injini inavuta hewa yenye shinikizo la karibu inchi 30 za zebaki. Hapa hewa yenyewe nje ina inchi 26 tu. Injini haiwezi kujaza silinda kama pwani hata ukitaka, na nguvu yake ya juu kabisa siku ya joto ni karibu asilimia 80 ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Kile kilichohitaji mafuta mengi ya kupozea kimepungua. Na unapobana kwa njia niliyoieleza, huondoi kinga yote. Unaondoa uzito uliozidi uliosababishwa na kabureta, ukirudisha mchanganyiko karibu na ule ambao mtengenezaji aliukusudia.

Hapo kuna mpaka wa kuuheshimu. Asilimia 80 bado iko juu ya asilimia 75, kiwango ambacho marubani wengi hukitumia kama mstari wa kuanza kubana mafuta kwa uhuru wakiwa safarini. Kwa hiyo kubana kwa Mwanza ni kwa ajili ya nguvu, si kwa ajili ya kuokoa mafuta. Anayevuta kishikio mpaka chini ya kilele kwa sababu avgas, petroli ya ndege, ni ghali na haipatikani kila kiwanja, akaruka hivyo, anacheza na vichwa vya silinda. Ukiona joto la vichwa hivyo linapanda kupita kawaida wakati wa kupanda, shusha pua ndege ipate kasi na hewa, na ongeza mafuta kidogo. Hewa nyepesi na ya moto inapoza vibaya pia, jambo ambalo husahaulika.

Jambo jingine ambalo kubana mafuta hakulitibu ni urefu wa njia ya kurukia. Mabawa nayo yanahitaji uzito wa hewa. Kipima kasi kikisoma noti 55 kwenye hewa hii, ndege kwa kweli inakimbia noti 60 juu ya ardhi upepo ukiwa umetulia, na inabidi uifikishe huko kwa injini iliyopungua nguvu na propela inayouma hewa nyepesi. Umbali wa kuruka unaongezeka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na hewa ya kipimo kule pwani. Njia ya Mwanza ni ndefu, inasamehe mengi. Kiwanja kifupi cha nyasi visiwani au mbugani hakisamehe, na Seronera iko zaidi ya futi 5,000. Jedwali la umbali lililo kwenye kitabu cha ndege lilipimwa kwa mchanganyiko uliobanwa inavyoelekezwa. Ukiruka na mafuta yaliyozidi, namba ulizosoma si zako.

Si kila injini inataka mkono huu. Injini yenye tabo inajazwa hewa mpaka ifikie au ikaribie shinikizo la pwani, hivyo kwa kawaida inaruka na mafuta yote popote ilipo, na kuibana ni hatari ileile ya pwani. Baadhi ya injini za Continental zina pampu inayojirekebisha kulingana na mwinuko. Rotax 912 yenye kabureta mbili haina hata kishikio hicho. Soma kitabu cha ndege uliyokaa ndani yake, maana hata ndege mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana hapa.

Kutua nako kuna mtego. Orodha nyingi za kukagua kabla ya kutua zinasema mikscha isukumwe yote, na rubani anatii akiwa futi elfu moja juu ya ziwa, throtli ikiwa imefungwa, bila kuona tofauti. Mara ng'ombe anaingia kwenye njia ya kiwanja cha kijijini, au ndege nyingine inachelewa kutoka. Anafungua throtli yote ili apande tena, na injini inapokea mafuta mengi kupita kiasi wakati anapoihitaji zaidi. Ikiwa bado amewasha hewa ya moto ya kabureta, ni vibaya zaidi, kwa sababu hewa hiyo ni nyepesi kuliko ya nje na inazidisha uzito wa mchanganyiko. Na hewa ya moto mara nyingi utakuwa umeiwasha, kwani unyevu wa ziwa unaweza kugandisha barafu kooni mwa kabureta hata siku ya nyuzi 28. Kwa hiyo kwenye kiwanja cha juu, weka mchanganyiko pale ambapo ungeuweka kama ungekuwa unaruka, na mkono ukifungua throtli uzime hewa ya moto hapohapo.

Anayeondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ana kazi ya kinyume. Kila anaposhuka, hewa inakuwa nzito na mchanganyiko aliouweka juu unakuwa mwepesi mno. Asipoongeza mafuta hatua kwa hatua, atafika chini na injini iliyobanwa kwa ajili ya futi elfu kadhaa, na siku akilazimika kupanda tena kwa nguvu zote, injini inaweza kusita au kugonga.

Mwisho kuna suala la chini kabisa, la ndege ikiwa inatembea kwenda kwenye njia ya kurukia, ambalo huleta kesi nyingi kwa mafundi bila sababu. Avgas ya 100LL ina madini ya risasi. Mchanganyiko mzito ukiungua kwa moto baridi wa injini inayozunguka polepole, risasi hiyo haitoki vizuri. Inaganda kwenye plagi pamoja na masizi. Rubani anafika kwenye ukaguzi wa magneto, vile vifaa viwili vinavyozipa plagi umeme wa cheche, anazima moja, mizunguko inaporomoka kupita kiwango, injini inatikisika, na anarudi kuripoti magneto mbovu. Mara nyingi magneto haina kosa. Kabla ya kurudi, ongeza mizunguko kiasi, bana mafuta mpaka injini ilainike, iache iungue hivyo kwa muda kidogo, kisha pima tena. Na tangu unapoanza kutembea, vuta kishikio chekundu sana, kiasi kwamba ukijisahau ukafungua throtli yote injini ingekufa pale pale. Kubana nusunusu chini ndiko kubaya, kwa sababu injini itakubali kuruka nako. Kubana sana ndege ikiwa chini, kwa mizunguko midogo, hakuiumizi injini, plagi zinabaki safi, na hakuna namna utaingia njia ya kurukia bila kukumbuka kuupanga upya mchanganyiko.